Plagi Kando ya Viazi

Nikinusa petroli, hata leo hapa kwa fundi, naona meko yetu kule Timau. Baridi ya huko, wacha tu. Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa alfajiri, na gari likakataa kuwaka. Baba akafungua plagi, zilikuwa zimelowa petroli. Nyanya akazikausha kando ya makaa, penye viazi nilivyokuwa nikichoma.

Baba hakuacha kunifundisha. “Cheche ya plagi inawasha petroli na hewa. Ule mlipuko unasukuma pistoni, pistoni inazungusha magurudumu.”

“Mzee, huyu mtoto wa tumboni hangoji masomo,” mama akaita kutoka garini.

Nikabeba plagi moto kwa pindo la sweta. Baba akazifunga, gari likanguruma.

Mdogo wangu alizaliwa hospitalini. Akizubaa, bado tunamwambia akakaushwe plagi.