Daftari la Jumuiya

Daftari la mahudhurio la jumuiya yetu linakaa kwangu, juu ya friji, mwaka wa tano huu. Kila Jumamosi asubuhi majirani wakishamaliza rozari, mimi ndiye ninayeweka vema kwa aliyekuja na mkasi kwa asiyekuja. Ukifa, padri hakuziki mpaka apate barua ya jumuiya, na barua inafuata daftari. Siamini nusu ya yanayosemwa pale. Mimi nililifuata daftari.

Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi, mtu wa kuuliza. Kusali alisali, lakini na maswali yake. Jumamosi moja mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa sauti nene anayefunga vifungo vya shati mpaka kooni, alisema mvua imeikataa Magu kwa sababu ya dhambi za watu wa kule. Sasa baba kwao ni Magu. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani.

"Na sisi wa Mwanza, wenye ziwa zima hapo mlangoni, ndio watakatifu?"

Watu walicheka, hata mama, ambaye hajawahi kukosa sala. Mwenyekiti hakucheka. Wakabishana mpaka chai ikapoa, baba akitaka sababu, yule akirudia neno moja tu: "Imani haiulizwi." Mwisho baba akasimama, akasema Mungu anayehitaji daftari ili amjue mtu, huyo ni karani. Hakurudi tena.

Miezi saba baadaye alianguka akimwagilia mchicha, akafa hapo hapo. Mama alikwenda kwa mwenyekiti kuomba barua, mimi nimemshika mkono. Hakutukaribisha ndani. Alifunua daftari, akatuonyesha mikasi ya miezi saba, na pembeni ya jina la baba, kwa kalamu nyekundu, neno moja: MBISHI. Mama akapiga magoti. Mama yangu, na miguu yake ile mibovu! Akajibiwa, "Utaratibu ni utaratibu."

Tulimzika baba Magu, shambani kwao, bila padri, bila kwaya. Wanajumuiya waliogopa kuja, isipokuwa mmoja: mke wa mwenyekiti. Alipanda basi la asubuhi peke yake, bila kumuaga mumewe, akasimama pale kaburini na kanga kiunoni, akaanzisha wimbo kwa sauti iliyokauka, sisi tukaitikia. Hata hivyo, tulipokuwa tunarudi, mama alisema, "Wamemzika baba yako kama mbwa." Nikaapa hapo hapo kwamba yule mzee nitakula naye sahani moja.

Matanga yalipoisha nikaanza kusali jumuiya. Jamani, walivyonisifu! Eti msiba umenifungua macho. Niliimba, nilifagia, nilipika chai ya wageni, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, ulipofika uchaguzi wakanipa ukatibu. Uchaguzi huo huo mwenyekiti aliangushwa, akachukua nafasi yake mama mmoja mpole. Mzee akahamia Usagara, nje ya mji, kwenye nyumba yake mpya, lakini yeye na mkewe wakabaki kwenye orodha yetu.

Kisha mkewe akaanza kuumwa. Mikasi ikajipanga mbele ya jina lake, mwezi hadi mwezi, mpaka ikafika miezi tisa. Tukasikia anapelekwa kwa nabii anayegawa maji na mafuta. Na anayempeleka ni nani? Mume wake! Yule yule wa imani haiulizwi.

Alipofariki, mzee alikuja kwangu. Mwenyekiti mpya alikuwa amemwambia kwamba yeye atasaini chochote nitakachoandika.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia vizuri kabisa.

"Marahaba mwanangu. Nimefuata ile barua."

Sikumpa kiti. Nilishusha daftari, nikamwonyesha mikasi.

"Alikuwa mgonjwa, mwanangu."

"Kwa nabii alifika."

Akafungua kifungo cha kooni.

"Utaratibu ni utaratibu," nikasema, na sitadanganya, maneno yale yalikuwa matamu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikafunua ukurasa wa zamani, nikaweka kidole kwenye jina la baba, nikamwambia asome kwa sauti. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Mbishi," akanong'ona.

"Mama hajasikia."

Akasoma tena, safari hii kwa ile sauti yake nene, huku machozi yanamtoka. Jikoni sufuria ziliacha kugongana.

Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Nilitaka kumnyima. Mungu, kama yupo, anajua nilivyotaka. Lakini kila nikilitazama jina la mkewe, nasikia ule wimbo wake kule Magu. Kumnyima mumewe barua ni kumzika yeye kama mbwa, na yeye ndiye pekee aliyekuja. Nikaandika barua, mistari minne, nikagonga muhuri.

Mzee alinyoosha mikono miwili kuipokea. Sikuiachia.

"Hii ni ya kwake," nikamwambia. "Alikuja kumzika baba yangu. Ya kwako tutaangalia daftari."

Tangu hapo hajakosa. Kila Jumamosi anatoka Usagara na fimbo yake, anakaa mbele, na macho yake hayatoki kwenye kalamu yangu. Mama ananiambia inatosha, nimsamehe mzee wa watu. Namjibu nitafikiria.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha kweli kweli. Alifika tumeshamaliza sala ya mwisho, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Alisubiri watu watoke, akanisogelea.

"Katibu," akauliza taratibu, "umeniandika?"

Nikafunga daftari.

"Nitaangalia, mzee."