Kondoo Wageni wa Hafod Wen

Idwal wa shamba la Hafod Wen nimemjua tangu tukiwa shule, na sijawahi kumwona akithamini jambo la nyumbani. Jambo likitoka mbali, hata liwe la kipuuzi, analipokea kwa mikono miwili. Basi chama chetu cha wakulima kilipotafuta mtu wa kuzungushwa Wales nzima kwa ziara ya masomo, aone kilimo na viwanda vya chakula kisha aje atufundishe sisi tuliobaki na matope yetu, nani mwingine angeinua mkono?

Akaenda. Kisiwani Môn akaona roboti ikikamua ng'ombe. Huko Carmarthen akavishwa kofia ya nailoni, akaingizwa kiwanda cha jibini. Pembroke akashikishwa viazi vilivyooshwa mpaka vinang'aa, akapigwa navyo picha akitabasamu kama bibi harusi. Mwisho akafikishwa kwenye machinjio makubwa, ambako bwana mmoja mwenye viatu visivyowahi kukanyaga mavi alimwambia kuwa maduka yanataka wanakondoo wa kimo kimoja, wanene, na kwamba kondoo wetu wa milimani wanatia huruma.

Alirudi kidevu juu. Wakati huo dada yake Lowri, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiliendesha shamba lao, alikuwa kwa bintiye aliyejifungua. Idwal hakumngoja. Akawapakia kwenye lori kondoo majike wote wa mlimani, wale ambao yeye na Lowri waliachiwa na marehemu baba yao, wakaenda kuchinjwa. Akaleta wengine kutoka tambarare, weupe, matako kama mito ya kochi.

Mlima wetu hauna uzio. Kila shamba lina upande wake, na wanaoujua mpaka ni kondoo wenyewe: mama humfundisha bintiye, naye alifundishwa na mamake. Ndiyo maana shamba likipata mwenyewe mpya, kondoo hawahami, wanabaki na mlima wao. Hata mchungaji wa kanisa letu, mtu wa mjini, analijua hilo. Idwal naye alilijua vizuri. Alikuwa amelewa ziara tu, na ulevi wa namna hiyo siusamehe.

Aliwafungulia wageni wake asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa barabarani. Kesho yake walikuwa kwenye kabichi zangu, na Jumapili tukawakuta makaburini wakila maua ya marehemu. Huku nyuma kondoo wetu sisi majirani wakaanza kuingia upande wake uliobaki mtupu. Wakizaa huko, basi, upande huo unakuwa wao. Na Hafod Wen bila mlima ni nyumba na kipande cha tope kando ya mto. Lowri angekula nini?

Idwal hakujali. Alituita ukumbini atoe taarifa ya ziara yake, kwa chai na mkate wa zabibu. Alikuwa akituonyesha ukutani ile picha ya viazi Lowri alipoingia na mabuti yake.

"Idwal, kondoo wa baba wako wapi?"

"Kaa kwanza, dada, nafika huko. Soko la leo..."

"Nimekuuliza wako wapi!"

"Nimewauza. Vilikuwa vijikondoo, Lowri! Wenzetu wanatucheka."

"Na hawa wapya nani atawaonyesha mlima?"

"Watazoea."

"Wameshazoea," akadakia mzee Gwilym kutoka nyuma. "Kabichi wameizoea kabisa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nilicheka kuliko wote. Lowri hakucheka.

"Watazoea mtu akisimama nao," akasema. "Asubuhi mpaka jioni, awarudishe kila wakivuka, mpaka wazae kule, na binti zao nao wazae kule. Miaka hiyo, Idwal. Na mtu huyo ni wewe."

"Mimi? Lakini mwezi ujao nimealikwa kusini, nikazungumze na..."

"Huendi. Baba alikufa akijua mlima ameuacha kwa watu wawili."

Idwal akatutazama mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea. Mwenyekiti wa chama akainuka, akazima mashine ya picha, akajimiminia chai.

Sasa nikipanda kuangalia kondoo wangu namkuta kule juu mvuani, amelowa chapachapa, fimbo mkononi. Wiki iliyopita alinipigia kelele kutoka mbali.

"Mihangel! We Mihangel! Wa kwako wamevuka tena, wako kwangu!"

"Hawajavuka, bwana," nikamjibu. "Kwa wanavyojua wao, hapo hapana mwenyewe."

Akageuka, akaanza kuwakimbiza peke yake, akiteleza kwenye majani.