Kabari ya Ngazi Tatu

Mimi nina hasira za karibu, huja na kupita. Hizi za kabari zimegoma kupita.

Kwenye mashine yangu ya mkono ya kumenyea kahawa, matunda makubwa yalikuwa yakipondeka na madogo yakipita na maganda yake. Nikachonga kabari ya mti yenye ngazi tatu. Ukiisogeza ngazi moja, nafasi inapanuka au inabana. Nilichonga na kutupa misimu miwili. Ilipokubali, nikafanya tunavyofanya huku Machame kwa kila cha kwanza: nikaipeleka kanisani iwe malimbuko. Ikanadiwa nje baada ya ibada, kati ya mkungu wa ndizi na jogoo mkorofi, na mimi nikaeleza mbele ya usharika mzima inavyofanya kazi. Nilivimba kichwa, nakiri.

Aliyeinunua ni jirani yangu. Binti yake anaishi Moshi mjini, na sebuleni kwake ana printa inayojenga vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Aliipima kabari, akachapa ya mama yake, ya shangazi zake, kisha ya kila aliyeomba. Haikuchukua muda zikafika Himo.

Nilimfuata mjini nikiwa nimeyapanga maneno yangu.

"Shikamoo, mama," alinipokea, akanivutia kiti. "Kabari yako imetusaidia sana."

"Marahaba. Na mimi uliniuliza?"

"Mama, si uliitoa sadaka?"

Nilirudi nyumbani nikapiga simu Dar, kwa wanaoshughulikia hataza, ile haki ya mvumbuzi. Afisa alinieleza kwa upole kwamba nilipaswa kuomba kabla ya kuionyesha hadharani; kilichokwisha kujulikana hakihesabiwi kuwa kipya. Kumbe nilimtanguliza Mungu, karani nikamsahau.

Nikadhani yameisha. Mavuno yaliyofuata, mgeni mmoja kutoka Marangu alinikuta uani namenya kahawa. Akainama kuitazama kabari yangu, ya pili niliyojichongea baada ya ile ya sadaka, nyeusi kwa utomvu, alama za kisu bado zinaonekana.

"Mama, umeiga vizuri," akasema, na alisema kwa wema kabisa. "Ila ya mti itaoza. Nikuagizie ile yenyewe, ya yule dada wa mjini?"

Nilifungua kinywa nimweleze. Nikajiona nitakavyoonekana mwongo, nikakifunga, nikaendelea kuzungusha mashine.