Unga wa Meneja

Wageni walidhani Fundi Cheche aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea mageti. Sivyo. Jina alipewa na mkewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa namna alivyokuwa akilipuka. Alikuwa amegombana na wateja, na dereva wa lori la vyuma, na watu wa umeme, na majirani wa pande zote mbili. Viumbe wawili tu hakuwahi kuwapandishia sauti: mama mkwe wake aliyekuwa akikaa nao, kwa heshima, na mbwa wake, kwa mapenzi.

Mbwa aliitwa Meneja, maana kutwa alizunguka karakana akikagua kazi za watu bila kushika chochote. Siku moja alikanyaga bati, mguu ukachanika, ukatunga usaha. Daktari wa mifugo akampa antibiotiki. Mguu ukapona, tumbo likaharibika. Meneja akawa anaharisha uani, mlangoni, hata juu ya geti la mteja lililolazwa chini likisubiri rangi.

"Nimepima kinyesi, hana minyoo," daktari alimwambia. Alikuwa binti mtaratibu, mwenye miwani. "Tatizo ile dawa haikuchagua. Imeua vijidudu vya kidonda, ikapiga na vile vizuri vya tumboni vinavyosaidia kusaga chakula. Huu unga ni probiotiki, ni vijidudu hivyo vizuri, viko hai. Changanya kwenye chakula kilichopoa. Ukiweka kwenye cha moto, umevipika. Na kwa sasa ale wali na kuku wa kuchemsha, mafuta asiguse."

"Atapona?"

"Wengi huwasaidia. Kukuapia siwezi."

Cheche, mtu asiyejua hata chumvi ya nyumbani kwake inakaa wapi, akawa mpishi wa mbwa. Asubuhi alipika, akapoza, akachanganya unga kwa kidole, ndipo akaenda kazini, Meneja akibaki nyumbani hadi apone. Chakula cha mchana alikiacha kwenye sufuria, mama mkwe akipakue tu. Kinyesi kikaanza kushikana, naye akawa anawasimulia wateja habari hizo bila kuulizwa, wengine wakiwa wanakula.

Kisha mambo yakaenda kombo. Meneja akarudia kuharisha, mara hii na kutapika juu. Cheche alifika kwa daktari akiwa amevimba.

"Umeniuzia unga wa kupikia!"

"Nani mwingine anamlisha?" daktari aliuliza, hakunyanyua hata sauti.

"Hakuna. Napika mimi mwenyewe."

"Basi nenda kahakikishe, fundi. Ukishahakikisha ndipo uje unitukane."

Akaenda kumalizia hasira kwa mkewe. Mkewe, aliyekuwa ndio kwanza anavua viatu baada ya kusimama dukani siku nzima, alikiweka chini kiatu. "Yaani nirudi nimechoka hivi, nianze kumlisha mbwa wako kwa kujificha?" Akaingia chumbani, akafunga mlango. Jirani naye akaulizwa kama anamtupia Meneja mifupa, karibu washikane mashati.

Kesho yake mchana Cheche alirudi nyumbani kuchukua glavu alizosahau. Uani alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda, Meneja amemwekea kichwa mapajani. Mama alikuwa anamlisha ngozi ya kuku ya kukaanga, kipande kwa kipande, mafuta yakimtiririka vidoleni. Kando palikuwa na bakuli la wali unaofuka mvuke, na ule unga umeelea juu yake.

Cheche aligusa bakuli. "Mama, hicho chakula ni cha moto."

"Cha baridi kitamzidishia tumbo. Hata wewe ulipolala na homa nilikupa cha moto."

"Daktari alisema kipoe. Na mafuta asile."

"Daktari mwenyewe umri wa mjukuu wangu. Ngozi hizi nampa wiki nzima, mwone anavyofurahi."

Cheche alijaribu kuimeza hasira. Haikumezeka. "Unamuua, mama! Sisi tunahangaika, kumbe wewe ndiye unayemuua!"

Sauti ilivuka ukuta. Meneja akaingia chini ya karo la kufulia. Mama mkwe alijifuta vidole kwenye kanga, taratibu, kimoja kimoja.

"Tangu nihamie hapa nasema tumbo linaniuma," alisema. "Nimesema mezani, wewe ukiwepo. Hakuna aliyenipeleka hata kwa muuza dawa. Mbwa ana daktari wake, ana unga wake, ana kuku wake wa kuchemsha. Sawa. Na leo nimekemewa kwa ajili yake."

Cheche alirudi karakana bila glavu. Hasira ilikuwa palepale, ila sasa haikuwa na pa kwenda, kwa kuwa kuhusu mbwa alikuwa na haki, na kuhusu tumbo la mama kosa lilikuwa lake. Alikata nondo fupi, akaharibu grili nzima, akaipiga teke, akaumia kidole.

Mkewe hakumgombeza. Alisema tu, "Kesho unampeleka mama hospitali. Wewe, si mimi."

Kwenye benchi la kusubiri waliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Mama, nisamehe kwa ile sauti," Cheche alisema mwishowe. "Kuhusu mafuta siwezi kujirudi."

"Mafuta nimeelewa. Sauti ndiyo bado."

Mama alikutwa na vidonda vya tumbo. Akapewa dawa zake, akaambiwa naye aache vya kukaanga.

Kazi ya kulisha mbwa ikabaki kwa mama, maana ndiye aliyeshinda nyumbani. Siku za mwanzo Cheche alimtuma mkewe kuchungulia bakuli, akaambiwa akome. Mama aliupepea wali kwa mfuniko hadi ukapoa kabisa, ndipo akanyunyiza unga. Meneja alipona polepole, tumbo likatulia, akarudi kukagua mageti.

Nyumbani hakuna aliyenuna waziwazi. Lakini mama mkwe, aliyekuwa akimwita Cheche "mwanangu", sasa alimwita "fundi", kama wateja. Alilitamka kwa adabu zote, akimpa chai, akimuuliza za kazi. Kila alipoitikia, Cheche alihisi damu ikimpanda, na hakukuwa na mtu wa kumjia juu.