Karti Tuliyoifufua Mwaka wa Kufukuzwa

Askari walipomaliza kupora mji, ukumbi wa michezo ya video uliokuwa katikati ya Lubumbashi ulibaki na madirisha matupu na mashini zilizolala kifudifudi kwenye jua. Mwenye ukumbi alikuwa anarudi kwao Ulaya. Alituambia tuchukue vipuri tunavyotaka. Mimi nilikuwa fundi wa redio na televisheni, mwanamke pekee katika atelie yetu, karakana ndogo ya matengenezo, na mwenzangu wa meza alikuwa mwanaume aliyenizidi miaka kumi. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaoa hapa.

Ndani ya mashini moja tulikuta karti ya ajabu, ule ubao unaobeba chipu na nyaya. Karti za kawaida za michezo tulizijua. Hii ilikuwa pana kama sinia, ina nyaya nyembamba zilizolehemiwa kwa mkono, na chipu zake zilikaa kwenye soketi, za kung'olewa na kurudishwa. Kila chipu ilikuwa na kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa karatasi yenye maandishi ya kalamu. Yaya aliigeuza-geuza.

"Hii haiko ya kucheza," akasema. "Iko ya bale bantu banatengenezaka michezo."

Labda ilitoka kwa hao watu wanaobuni michezo, ikasafirishwa kwa makosa pamoja na mashini za mtumba, hatukujua. Wakati ule watu walikuwa wanauza redio zao, si kuzitengeneza, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Tulisugua kutu kwa mswaki na spiriti. Tulibadilisha kondensa zilizovimba. Waya mmoja mmoja tuliufuata kwa kidole, mimi nikichora ramani kwenye daftari la shule. Chipu moja ilikuwa imebanduka karatasi yake, na jua, ambalo hufuta chipu za namna hiyo, lilikuwa limeshamaliza kumbukumbu yake. Hata hivyo, siku tuliyounganisha televisheni, picha ilikuja: uwanja wa kijivu, na mtu mdogo wa manjano anatembea. Maadui hawakuwapo. Labda mchezo haukuwahi kumalizwa, labda walikuwa ndani ya ile chipu iliyofutika.

Pembeni kulikuwa na swichi. Ukiibonyeza, kila kitu kinasimama na namba zinajipanga kwenye kioo cha televisheni. Ukibadilisha namba, mtu anageuka mwekundu, au anatembea kinyumenyume. Yaya alikaa na namba zile majuma mawili mpaka akajua zipi ndizo kichwa, kisha nukta kwa nukta akamvika yule mtu kofia ya wafanyakazi wa reli, kama ya baba yake. Nilimwona akicheka peke yake. Umeme ulipokatika, kofia ilipotea. Kesho yake alianza upya, akisoma namba alizoandika kwenye daftari letu, na hivyo kila siku.

Miezi hiyohiyo maneno yalianza. Kwenye mikutano wakubwa wa siasa walisema watu wa Kasai warudi kwao. Mtaani watu waliosali pamoja walianza kuulizana baba zao walitoka wapi. Asubuhi moja vijana walisimama mlangoni kwetu, wakamwambia mkubwa wa atelie kwamba akiendelea kumweka yule mgeni, watarudi na petroli. Mkubwa akamwomba yaya aende nyumbani mpaka mambo yatulie.

Yaya aliniangalia. Mimi nilikuwa mtoto wa Katanga, mkoa wetu huu, baba yangu aliheshimiwa mtaani, na wawili kati ya vijana wale niliwajua mama zao. Ningeweza kusema neno. Niliinama nikaendelea kulehemu waya ambao tayari nilikuwa nimeulehemu.

Juma lililofuata nyumba yake ilivunjwa. Nilimkuta stesheni na mke wake na watoto wanne, chini ya turubai, katikati ya umati uliosubiri treni. Nilikuwa nimewapelekea unga na samaki wakavu. Mke wake alipokea, akashukuru, lakini hakuniangalia. Nilitaka kuomba msamaha. Yaya akaniuliza habari za karti, nami nikamwambia soketi ya tatu inalegea. Akanieleza namna ya kuikaza. Tuliongea hivyo karibu saa nzima. Nilipoinuka, akasema polepole:

"Kule banasema nirudie, sijafikaka hata siku moja. Siko najua muntu."

Nilimshika mkono, nikaondoka.

Treni ilikuja baada ya majuma mengi. Barua ya mke wake ilinifikia mwaka uliofuata. Treni ilisimama porini siku kadhaa bila maji, yaya akashikwa na kuhara, akafa. Walimzika kando ya reli, wakaweka mawe, treni ikapiga honi wakapanda.

Karti niliiwasha mara moja tu baada ya hapo. Mtu mdogo alitembea kichwa wazi. Daftari lilikuwa mbele yangu, lakini sikuthubutu kuingiza namba zile kwa mkono wangu. Mvua za mwaka ule zilipenya paa, kutu ikarudi, nami sikuisugua.

Mke wake nilimjibu. Nilimwambia kwamba siku ile mlangoni ningeweza kusema neno, nami nikanyamaza. Barua hiyo niliichana na kuiandika upya mara nyingi kabla ya kumpa mfanyabiashara aliyekuwa anaelekea Kasai. Jibu halikuja. Sikuwa na haki ya kulisubiri, lakini nililisubiri miaka mingi.