Tulimbeba mama hadi Kasongo kwa njia ya karieri iliyokufa

Wakuu, salaam zenu. Naandika vidonda vya mabega havijapona, na sitaficha kitu, hata pale ninapojiaibisha.

Miezi miwili iliyopita mama yangu alianguka akitoka shamba la karanga, kwetu upande wa Lusangi. Akavunjika paja.

Mvua ilikuwa imekata madaraja, pikipiki hazipiti, ila wa miguu walivuka. Hospitali iko Kasongo, siku mbili kwa miguu.

Kwetu mgonjwa hubebwa kwa tipoyi, machela ya miti na kamba. Kijiji kimoja kinambeba hadi kijiji kinachofuata, kinamkabidhi, kinarudi nyumbani. Hakuna anayelipwa. Leo wewe, kesho mimi.

Njia ziko mbili. Barabara kubwa inazunguka, lakini ina vijiji. Ya pili inakata katikati ya karieri ya zamani ya dhahabu, ambako nilichimba miaka tisa.

Nikasema tupite karieri, ni karibu, na pale wabebaji hawakosekani. Mdogo wangu Assani akanivuta kando, mama asisikie.

"Yaya," akaniita, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "uko na hakika watu wangali kule?"

Nikamjibu kwa ukali. Ukweli ni kwamba nilitamani kuliona shimo langu. Mama analia kwenye tipoyi, mimi nawaza shimo!

Tulikuwa sita, sisi wawili na majirani wanne. Tulitembea tangu alfajiri, tope hadi magotini, tukafika mchana.

Wakuu, hapakuwa na watu. Enzi zetu palikuwa na soko, vinyozi, hata kibanda cha video. Sasa ni nyasi tu, na mashimo yamejaa maji na vyura. Tulimkuta mtu mmoja na mkewe wakiosha mchanga kwa karai.

"Watu yote walishakwenda," yule mume akatuambia. "Dhahabu iliisha. Hapa iko mimi na bibi yangu tu."

Majirani wakamweka mama chini. Zamu yao ilikuwa imekwisha, na mpunga ulikuwa unawangoja. Nilitaka kugombana nao, mama akanikataza.

"Waache waende, mutoto wangu. Walishafanya yao."

Yule mume akaacha karai lake, akashika mti wa mbele. Tukawa watatu. Kila tulipobadilishana bega mama alipiga kelele. Siku ya tatu akaacha kupiga kelele, nikaogopa zaidi. Tulifika siku ya nne.

Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Ila daktari alisema tulichelewa mno. Mguu mmoja umebaki mfupi, na shamba kwake limekwisha.

Shimo langu sikulitambua hata.

Baadaye nikasikia kwamba kijiji cha kwanza cha barabara kubwa kilikuwa kimepata habari zetu. Wanaume wanane walikaa kutwa nzima kando ya njia wakitungoja, na tipoyi yao tayari.

Somo nililopata ni hili: kabla ya kuchagua njia, uliza nani anaishi humo leo. Wale wa enzi zako hawatakubebea mtu.

Nimechoka, wakuu, na si mwili tu. Mama nilimdanganya kwamba barabara kubwa ilifungwa na maji. Kila mgeni akija kumwona, anamsimulia jinsi wanawe walivyomwokoa, na ananishika mkono mbele yao.

Nimwambie ukweli, au nimwache na furaha yake? Semeni, msinionee haya.