Vitabu vya Douglas na Hita ya Sebuleni

Miaka mingi hita ya sebuleni kwa Douglas Mwakio, huko ughaibuni Harrow, haikuwashwa. Vitabu vyake havikupenda joto. Mkewe Marion alilipenda sana, lakini yeye hakuwa jalada la ngozi la miaka mia tatu, kwa hiyo alikaa kwenye kochi na koti lake kama abiria kituoni.

Douglas, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa basi la Edgware Road. Siku ya mapumziko wenzake walilala. Yeye alizunguka minadani na kwenye maduka ya vitabu vikuukuu. Alitafuta aina moja tu, nayo ni adimu: vitabu vya mafumbo ya picha. Kila ukurasa una maneno machache juu, picha katikati, na shairi chini linalofumbua picha hiyo.

Kuvikusanya kungevumilika. Kilichomchosha Marion ni kwamba kabla ya chakula Douglas alinawa mikono, akafungua kitabu mezani, akalifunika shairi kwa karatasi na kuuliza, "Haya, mnaona nini?" Hakuna aliyegusa ugali mpaka mtu apatie.

"Naona mchuzi unapoa, Baba Ian."

"Angalia vizuri, mama."

Alipofariki, kina mama wa kanisa walikuja kuandaa nyumba kwa matanga. Wakasukuma makochi ukutani, wakawasha hita, wakafungua maboksi ya vitabu. Mara Mama Natasha, kiongozi wao, akapiga kelele.

"Mama Ian, njoo uone mambo! Fuvu la mtu! Na nyoka amelizunguka! Shindwa!"

Mzee Tony, mzee wa kanisa, akachungulia, akarudi nyuma. "Hivi ni vya wale watu."

"Watu gani?" Marion akauliza.

"Wale."

"Vichomwe leo," Mama Natasha akasema. "Kesho ni mazishi. Mchungaji ataombeaje nyumba yenye vitu hivi?"

Marion hakuwa amelala vizuri tangu msiba. Tena ni yeye aliyeomba miaka yote vitabu hivyo vimwondokee. Akapunga mkono. "Toeni. Fanyeni mnavyotaka." Akaingia jikoni kuangalia chai.

Kupitia dirishani alimwona Mzee Tony akiburuta jiko la nyama choma hadi katikati ya bustani na kumimina mkaa. Kisha akamsikia Mama Natasha, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa chini hata kidogo:

"Na tulimwacha asome Neno madhabahuni! Kesho tuiruke ile sehemu ya kusema alikuwa mcha Mungu. Tuseme tu alikuwa dereva mzuri."

Marion alitoka na mwiko mkononi.

"Mzee Tony, weka kiberiti chini."

"Shemeji, tunakusaidia..."

"Umenawa?"

"Nini?"

"Umetoka kushika mkaa, sasa umeshika kitabu cha mume wangu. Kanawe. Na wewe Mama Natasha. Nyote!"

Wakanawa, wakitazamana. Marion akaweka kitabu kwenye meza ya jikoni, akafunika shairi kwa kitambaa cha vyombo.

"Haya. Mnaona nini?"

"Fuvu," akasema Mama Natasha.

"Fuvu umeshatutangazia. Nini kingine?"

"Majani. Yanatoka machoni."

"Majani gani?"

Chai ikachemka, ikaanza kumwagika. Mama mmoja akainuka.

"Iache. Majani gani?"

Mzee Tony, aliyekulia mashambani Narok, akainama hadi miwani ikakaribia karatasi. "Hii ni ngano," akasema taratibu. "Tena imeshatoa masuke."

"Ngano itoke kwa maiti?" Mama Natasha akaguna.

"Kwa mtu aliyezikwa," akasema Marion.

Mama Natasha aliinamia picha tena. Halafu akasema kwa shingo upande, "Ufufuo."

Marion akaondoa kitambaa. "Ndivyo shairi linavyosema. Mkulima ni Mungu. Nimeulizwa picha hii miaka nenda rudi huku tumbo likilia, na sikuwahi kumwambia ni nzuri."

"Na nyoka?" akauliza Mzee Tony.

"Anajiuma mkia, hana mwisho. Ni uzima wa milele. Kuna swali lingine, ama mniache nimzike mume wangu?"

"Si angetuambia," Mama Natasha akanung'unika.

"Aliwaonyesha kila mlipokuja kula hapa. Mkasema anachelewesha kuku." Akakifunga kitabu taratibu. "Kesho mtasema alikuwa mcha Mungu. Na wewe ndiye utakayesema."

Vitabu vikarudishwa sebuleni. Marion alivifuata mpaka boksi la mwisho, akahisi joto, akapita kati ya kina mama hadi kwenye hita. Akaizima.

"Dada, tutaganda!"

"Makoti yenu yako mlangoni," akasema Marion.